Kopo la Kogo: historia fupi ya kutunza seva, kutoka nchi ya chai

Najua nimepotea, na kisingizio changu ni kilekile: kazi, mvua na umeme. Naandika haya nikiwa nyumbani Konoin, upande wa Bomet. Kipakatalishi kiko juu ya meza ya jikoni kwa sababu hapa ndipo penye soketi inayofanya kazi, na nje mvua inapiga mabati mpaka redio haisikiki.

Rafiki yangu mmoja ameajiriwa majuzi kutunza seva za shule fulani, akaniomba nimwandikie kanuni za kazi hiyo. Alitaka orodha aibandike ukutani. Nikaanza kuandika, nikafika kanuni ya tano, nikaacha. Kanuni za kutunza seva ukizisoma bila historia yake ni kama masharti ya mganga: usile hiki, usipite pale, na hujui ni kwa nini. Ukweli ni kwamba karibu kila moja ilizaliwa siku ambayo mtu fulani, mahali fulani, alipata hasara. Basi nimeamua kusimulia hasara zenyewe, na mojawapo ni yangu. Nitaanzia kwenye majani chai, na usinicheke, utaona kwa nini.

Mwaka 1964 ndipo ilipoanzishwa Kenya Tea Development Authority, ile KTDA, ili mkulima mwenye ekari moja au nusu ekari apate kuuza majani yake kama wenye mashamba makubwa. Wakulima wadogo wa Kericho na Bomet wakaingia kwa wingi. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Unachuma asubuhi, unabeba kikapu hadi kituo cha kupimia, karani anatundika kikapu kwenye mizani, anaandika kilo kwenye kitabu chake mbele ya namba yako ya mkulima, na wewe unapewa karatasi yako. Mwisho wa mwezi unalipwa malipo ya kwanza kwa kila kilo, na mara moja kwa mwaka inakuja bonasi. Bonasi ndiyo inayolipa karo, ndiyo inayonunua ng'ombe, ndiyo inayofanya mji wa Litein ujae watu kama siku ya harusi.

Kogo wangu (ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita nyanya) alitunza karatasi zake ndani ya kopo la Kimbo lililokuwa likining'inia jikoni. Kila mwezi alizitoa, akazijumlisha kwa kuhesabu vidole, akalinganisha na kilichoandikwa na kiwanda. Mara mbili ninazozikumbuka alirudi kituoni kudai, na mara zote mbili alikuwa sahihi.

Sasa hebu utazame mpango huo kwa macho ya mtu wa tarakilishi. Rekodi moja iko mahali pawili. Nakala mbili zinatunzwa na watu wawili ambao maslahi yao yanatofautiana, kwa hiyo hakuna anayeweza kubadilisha yake kimyakimya. Kiwanda kikiungua, mkulima anayo yake. Nyumba ya mkulima ikiungua, kiwanda kinayo yake. Na kila mwezi nakala hizo zinalinganishwa na mtu mwenye njaa ya kuona zinalingana. Nimesoma vitabu vinene vya kutunza hifadhidata ambavyo havikufika hapo.

Nizunguke kidogo hadi London, maana huko nako chai inahusika. Tarakilishi ya kwanza duniani kufanya kazi za kawaida za ofisi haikujengwa na benki wala jeshi. Ilijengwa na wauza chai. Kampuni ya J. Lyons, iliyokuwa na migahawa ya chai kila pembe ya Uingereza, iliona vikaratasi vya mauzo vikizidi uwezo wa makarani wake. Wakasaidia Chuo Kikuu cha Cambridge kukamilisha mashine iliyoitwa EDSAC, ambayo ilianza kufanya kazi Mei 1949, kisha wakajenga ya kwao kwa kuifuata: LEO. Kazi yake ya kwanza ya kila wiki, hesabu za thamani ya mikate na keki, ilianza Novemba 1951. Baadaye ilifanya hata hesabu za kuchanganya chai.

LEO ilikuwa na valvu za kioo maelfu, na valvu huungua kama balbu, wakati wowote. Lyons walijua kwamba mshahara wa mfanyakazi hauwezi kusubiri valvu. Kwa hiyo hawakuthubutu kuikabidhi mishahara mara moja: kwa muda makarani waliendelea kupiga hesabu zilezile kwa mkono sambamba na mashine, majibu yakalinganishwa, na ni mwanzo wa 1954 tu ndipo mashine ilipoachiwa kazi. Mafundi wao nao walikuwa na mbinu ninayoipenda sana. Kabla ya kazi kuanza waliipandisha na kuishusha voltiji makusudi, ili valvu iliyokuwa karibu kufa ife wakati huo, mbele ya macho yao, badala ya kufa katikati ya mishahara. Yaani waliiharibu wenyewe kabla haijaharibika. Shika hilo, tutalirudia.

Turudi nyumbani. Mtandao ulipoingia Kenya uliingia kama barua ya kubebeshwa msafiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika kadhaa ya Nairobi yalitumia FidoNet: ujumbe unakusanywa kwenye tarakilishi mchana kutwa, usiku mashine inapiga simu ng'ambo, inamwaga na kuzoa. Mtunza seva wa enzi hizo alikuwa na mwito mmoja mkuu, nao ni kuhakikisha ile simu ya usiku imepita, maana dakika za simu ya kimataifa zilikuwa pesa nyingi. Mwaka 1994 wakaja Africa Online, mwaka uliofuata kituo cha ARCC cha Dkt. Shem Ochuodho kikaunganisha intaneti yenyewe, halafu mwaka 1998 shirika la posta na simu likaanzisha JamboNet, na kuanzia hapo njia ya kwenda nje ilipita huko.

Hapa ndipo kuna kisa ambacho kila anayetunza seva Afrika Mashariki anapaswa kukijua kama anavyojua jina la babu yake. Njia yenyewe ilikuwa setilaiti. Setilaiti ya aina ile hukaa juu kilomita 36,000 hivi. Ukiwa Nairobi na kampuni A, ukamtumia barua pepe jirani yako wa jengo la pili aliye na kampuni B, barua ile ilipanda mbinguni, ikashuka Marekani au Ulaya, ikageuzwa, ikapanda tena, ikashuka Nairobi. Safari hiyo ilichukua kati ya milisekunde 1,200 na 2,000 kwa kwenda na kurudi, na ililipiwa kwa dola kila hatua. Ni kama mtu wa Kapkatet anayetaka chumvi kwa jirani yake, lakini lazima apitie Mombasa.

Makampuni ya intaneti, kupitia chama chao TESPOK, yakaona upuuzi huo. Novemba 2000 yakafungua kituo cha kubadilishana mawasiliano kiitwacho KIXP: chumba kimoja Nairobi, kila kampuni inaleta kebo yake, ya nyumbani yanabaki nyumbani. Brian Longwe alikuwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hilo. Kilidumu wiki mbili hivi. Telkom Kenya ililalamika kwamba kituo kinavunja haki yake ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, na msimamizi wa sekta, CCK, akaamuru kifungwe. Fikiria kidogo: kitu kilichojengwa ili mawasiliano YASITOKE nje kinafungwa kwa kuingilia biashara ya kuyapeleka nje! Ulikuwa mwaka mzima wa rufaa na barua. Leseni ikatoka Novemba 2001, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa upya. Ule muda wa milisekunde elfu na zaidi ukashuka hadi kati ya 60 na 80.

Kwa nini nakikazia kisa hiki? Kwa sababu kinajibu swali la kwanza la mtunza seva, ambalo wengi hulisahau: seva yako inakaa wapi, na ili mtumiaji wako aifikie anapita mikononi mwa nani? Hata kitambulisho chetu cha .ke kilikuwa hivyo. Kilisajiliwa mwaka 1993 na kwa miaka mingi upande wa kiufundi ulitunzwa kwa hisani na Randy Bush, Mmarekani, akiwa kwao, hadi KENIC ilipokabidhiwa shughuli hizo kati ya 2002 na 2003. M-Pesa nayo: ilianza Machi 2007, na kwa miaka minane mama mboga wa Bomet alipomtumia mwanawe shilingi mia mbili aliyeko kilomita tatu, hesabu ilifanyika kwenye seva zilizoko Ujerumani. Zilihamishiwa Kenya mwaka 2015. Na Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipopata hitilafu kwa pamoja na intaneti ya ukanda huu ikaanza kutambaa, kilichokuwa nchini na kupita KIXP hakikuhitaji bahari.

Watu nao walihitaji kufundishwa. Mwaka 2000 wakufunzi wa AfNOG walianza kukutana na mafundi wa mitandao wa bara hili, kwanza Cape Town, kisha kila mwaka mji mwingine: Kampala 2003, Nairobi 2006, Dar es Salaam 2011. Walikaa na tarakilishi za FreeBSD wakifundishana kuweka majina, barua pepe na njia za mawasiliano. Ukikutana na fundi wa makamo Nairobi au Kampala ambaye seva zake zimetulia kama maji ya mtungi, muulize, kuna uwezekano alipita huko au alifundishwa na aliyepita huko. Michuki Mwangi, aliyesimamia mambo ya ufundi KENIC na KIXP, ni mmoja wa majina utakayoyasikia. Hicho ndicho kipindi ambacho Telnet ilikuwa ikizikwa. Zamani ulipoingia kwenye seva kutoka mbali nywila yako ilisafiri uchi; mwaka 1995 mtu alitega mtandao wa chuo kikuu kimoja cha Helsinki akazoa nywila za watu, na mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akakasirika akaandika SSH. Kila unapoandika amri hiyo unatumia hasira za Mfini mmoja.

Sasa umeme. Niliwaahidi mvua. Kericho na milima ya Nandi ni kati ya sehemu zinazojulikana duniani kwa mvua ya mawe na radi. Miaka ya 1960 makampuni ya chai yalifika hatua ya kujaribu kutibu mawingu ili mawe yasianguke, maana dakika kumi za mawe zinachanachana majani ya mwezi. Chai yenyewe haina subira. Jani likishachumwa linaanza kuchacha, na kiwanda kikizimika usiku majani yaliyotandazwa yanageuka takataka. Ndiyo maana mashamba makubwa ya Kericho yamekuwa na mitambo yao midogo ya umeme wa maji tangu enzi za ukoloni, na ndiyo maana sijaona kiwanda cha chai kisicho na jenereta. Watu wa chai hawakusubiri kufundishwa kwamba umeme wa gridi hukatika.

Sisi wa tarakilishi tulihitaji tumbili. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma ya kituo cha Gitaru, kituo kikazimika, megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikawa gizani kwa saa tatu na zaidi. Tumbili alipona. Sijui seva ngapi hazikupona. Mwaka 2023 tulipata giza la nchi nzima mara tatu, Agosti, Novemba na Desemba, na lile la Agosti lilifika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ambako jenereta ya sehemu moja ilishindwa kuwaka. Jenereta ilikuwepo. Kuwepo ni jambo moja, kuwaka ni jambo jingine. Kumbuka wale wa Lyons na voltiji yao.

Nilikuwa najua yote hayo, au niseme niliyasoma, nilipomaliza shahada ya sayansi ya tarakilishi mwaka 2019. Mwaka 2021 nilikuwa natunza seva ya wanunuzi fulani wa majani chai, kampuni ndogo ambayo sitaitaja, katika eneo letu hili. Mizani za vikapu zilikuwa zimeondoka. Kuanzia miaka ya 2000 mizani za kielektroniki zilianza kuenea vituoni, na zilileta nafuu ya kweli: karani hakuweza tena kukata kilo kwa kalamu au kumwandikia shemeji yake kilo za mwingine. Unaweka gunia, uzito unasomeka, kikaratasi kinachapishwa, na jioni mashine inatuma kila kitu kwenye seva. Ikishatuma, inafuta kumbukumbu yake ili iwe na nafasi ya kesho.

Seva yenyewe ilikuwa tarakilishi ya kawaida yenye Linux, chini ya meza ya stoo. Nilikuwa nimeiwekea betri ya akiba. Nilikuwa nimeiwekea diski ya nje ya nakala rudufu. Nilikuwa nimeandika skripti inayotuma nakala nyingine kila saa nane usiku kwenye seva ya kukodi Ulaya. Ungeniuliza ningekuonyesha kwa fahari.

Jumapili moja jioni, mwezi wa nne, radi ikapiga mnara mdogo wa antena uliokuwa juu ya paa. Betri ya akiba ililinda waya wa umeme vizuri kabisa. Radi haikuja kwa waya wa umeme. Ilikuja kwa kebo ya mtandao iliyoshuka kutoka kwenye antena, ikapita kwenye swichi, ikaingia ndani ya seva, na ile diski ya nje iliyokuwa imechomekwa humo ikaenda pamoja na mwenzake. Mlango wa mbele nilikuwa nimeutia kufuli mbili, wa nyuma nikauacha wazi. Nilipofika asubuhi stoo nzima ilinuka plastiki iliyoungua.

Nikajifariji na nakala ya Ulaya. Nikaifungua: tarehe ya mwisho ilikuwa siku 19 nyuma. Siku hiyo nilikuwa nimebadilisha ufunguo wa kuingilia, kwa ajili ya usalama, tena nikajipongeza, na sikubadilisha ndani ya skripti. Skripti ilikuwa inashindwa kila usiku na kila usiku ilituma barua pepe ya kulalamika, kwa uaminifu wote, kwenye anwani ya mwenzangu aliyekuwa ameacha kazi mwezi wa kwanza.

Siku 19, wakulima wapatao mia tisa, msimu wa mvua ndefu ambapo majani ni mengi kuliko wakati wote. Nilikaa kwenye gunia nikahisi miguu si yangu.

Meneja akasema tukusanye vikaratasi vya wakulima. Tukatangaza vituoni. Na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna mwalimu aliyenifundisha. Vikaratasi vya mizani mpya haviandikwi kwa wino. Ni joto ndilo linalovichapisha. Ukivilowesha kwa jasho na mvua vinafifia, ukiviweka karibu na meko vinageuka vyeusi vyote. Nilikwenda kwa Kogo mwenyewe, akashusha kopo lake la Kimbo, akalifungua, na ndani kulikuwa na vikaratasi vyeusi kama makaa, kimoja baada ya kingine. Kopo lile lile, mahali palepale, ambapo karatasi za karani wa zamani zilikaa miaka bila kudhurika. Tulikuwa tumeiboresha nakala ya kiwanda na kuiua nakala ya mkulima, na hakuna aliyegundua kwa sababu hakuna aliyekuwa ameihitaji.

Kogo akanitazama, akasema, "Hivi ni vya kuwashia moto tu, mjukuu wangu." Akaingia chumbani akatoka na daftari la shule. Alikuwa amenakili kila siku kilo zake kwa kalamu ya risasi, kwa sababu, alisema, karatasi inayojiandika yenyewe inaweza pia kujifuta yenyewe.

Wako wengi waliofanya kama yeye, kama theluthi moja hivi. Wengine walileta vikaratasi vilivyosomeka nusu, wengine walileta mashahidi. Tulichokuwa nacho kwa hakika ni kitabu cha dereva: kila jioni gari lilipofika kiwandani lilipimwa, na jumla ya kila kituo iliandikwa kwa mkono. Hapo nikafanya kazi ya tarakilishi bila tarakilishi. Kilo za wakulima wa kituo kwa siku moja zikijumlishwa lazima zikaribie jumla ya gari. Vituo vingine vililingana kwa tofauti ndogo. Kituo kimoja, madai yalizidi gari kwa mamia ya kilo, na wazee wakakaa chini ya mti mchana kutwa wakipunguzana, jirani akimwambia jirani kwamba shamba lako nalijua, halitoi hivyo. Sikutaka kusikia maneno mengine yaliyosemwa pale. Ambao hawakuwa na ushahidi wowote walilipwa kwa wastani wa miezi yao iliyotangulia. Mzee mmoja alikuwa ameongeza chai mpya iliyoanza kuchumwa mwezi uleule. Wastani haukuijua chai hiyo. Alipoteza, na mpaka leo tukikutana njiani ananipa mkono akiwa ameshaangalia kando.

Baadaye nilisoma kisa cha GitLab, kampuni ambayo waandishi wengi wa programu duniani huweka kazi zao. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wao mmoja, usiku, amechoka, alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Wakaenda kwenye nakala: walikuwa na njia tano za kutunza nakala, na hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Mojawapo ilikuwa ikishindwa na barua pepe za onyo hazikuwa zikifika. Waliokolewa na nakala ambayo fundi alikuwa ameichukua kwa bahati saa sita kabla. Nilipofika kwenye zile barua pepe nilicheka peke yangu, kicheko kisicho na raha. Tofauti ni kwamba wao waliandika kila kitu hadharani palepale. Mimi imenichukua miaka.

Basi rafiki yangu wa seva za shule, haya ndiyo ninayofanya sasa, na wewe utachuja. Kebo yoyote inayotoka nje ya jengo ina kizuizi chake cha radi, na pale inapowezekana natumia nyuzi za kioo, maana kioo hakipitishi radi. Diski ya nakala haikai imechomekwa. Kuna mbili, zinapokezana, na ile isiyo zamu iko nyumba nyingine. Nakala moja iko Nairobi, si Ulaya, ili niifikie hata bahari ikikataa. Onyo la kushindwa silitegemei tena. Skripti ikifaulu inanitumia ujumbe, na nisipoupata ifikapo saa kumi na mbili asubuhi najua kuna jambo, kwa sababu maiti haipigi simu. Ufunguo wowote haubadilishwi kabla ya kuandika ni wapi umetumika. Anwani za onyo ni za kazi, si za mtu. Yote hayo yameandikwa kwenye daftari la karatasi, stoo, kwa mwandiko ambao mrithi wangu ataweza kuusoma. Programu nasasisha kwanza kwenye mashine ya majaribio. Hilo halina hadithi, lifanye tu.

Mizani nazo hazifuti kitu mpaka siku saba zipite, na kila jioni mkulima anapata ujumbe wa simu wenye kilo zake. Nakala ya pili imerudi kwa mwenyewe. Kuna waliolalamika kuhusu gharama ya jumbe hizo, nikawaomba waje tuongee chini ya ule mti.

Na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nafanya kama wale wauza chai wa London. Nachukua tarakilishi tupu, naiambia dunia kwamba seva imekufa, na ninaijenga upya kutoka kwenye nakala peke yake, saa mkononi. Mara ya kwanza ilinichukua siku mbili na nikagundua nakala haikuwa na orodha ya namba za wakulima. Mwezi uliopita ilichukua saa moja na dakika arobaini. Nikimaliza nachagua wakulima watano bila mpangilio, nawapigia simu na kuwauliza walipima ngapi Jumanne. Kogo huwa simo kwenye bahati nasibu hiyo. Yeye humwuliza kila mara, na hunisomea kutoka kwenye daftari, taratibu, kilo na nusu kilo, kama mtu asomaye hukumu.

Kesho ni Jumamosi hiyo. Ameshaniambia kwamba amebadilisha daftari, lile la zamani limejaa, na kwamba lile la zamani halichomwi.